Namna ya Kumshinda Eddy Gordo Bila Kuvunja Padi

Mwongozo huu nimemwandikia kijana wa Igalula, pamoja na jirani zake wa Goweko na Kigwa, anayeingia Tabora mjini siku ya Jumamosi akiwa na shilingi zake mfukoni na nia njema moyoni. Atapita sokoni, atafanya alichotumwa, kisha miguu itampeleka kwenye kibanda cha gemu. Atalipa. Atashika padi. Atamchagua Jin Kazama, au Paul Phoenix mwenye nywele zilizosimama wima, na ataanza kuyakumbuka mapigo aliyojifunza kwa jasho. Pembeni yake atakaa mtu asiyelijua pigo hata moja kwa jina. Mtu huyo atakwenda moja kwa moja kwa yule Mbrazili wa nguo za kijani na njano, ataweka dole gumba juu ya batani mbili za mateke, na hataliondoa hapo mpaka Paul alale.

Mbrazili mwenyewe ni Eddy Gordo. Gemu ni Tekken 3 ya kampuni ya Namco, iliyotoka kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1997 na kuingia PlayStation mwaka 1998. Ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoicheza, na bado inakusanya watu. Kufungwa na Eddy kunauma kuliko kufungwa na mwingine yeyote, kwa sababu aliyekufunga akigeuka kukutazama, anaonekana kushangaa kuliko wewe. Mimi nalichukulia jambo hili kwa uzito wake wote. Kijana aliyejifunza anastahili kushinda, na njia ya kushinda ipo.

Kwanza yale ya kuacha. Usiseme padi ni mbovu. Inawezekana ni mbovu kweli, batani ya duara imezama na waya umefungwa kwa utepe mweusi, lakini ukitaka kuhakikisha, badilishaneni. Akikufunga tena ukiwa na padi yake, malalamiko yako yamekwisha. Usimsukume kwa kiwiko. Usiguse swichi ya ukutani, maana umeme ule unawahudumia na watu wa mezani kwa jirani wanaocheza mpira. Na kubwa kuliko yote, mdogo wangu, usijibu hovyo kwa hovyo.

Hili la mwisho linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo linalowaangusha wengi. Mtu anajiambia: kama yeye anabonyeza bila mpango na anashinda, nami nitabonyeza bila mpango. Hapo ameshapotea. Miondoko ya Eddy ilichukuliwa kutoka kwenye mwili wa mtu halisi, Marcelo Pereira, mwalimu wa kapoeira kutoka Brazil, aliyecheza huku vifaa vikirekodi anavyozunguka. Katika kapoeira mwili hauna kituo: uzito unatoka mguuni unakwenda mkononi, unapita kichwani, unagusa ardhi na kuinuka tena, na kila mwisho wa teke ni mwanzo wa jingine. Waliotengeneza gemu wakayaunganisha mateke ya Eddy kwa namna hiyo hiyo. Akiwa amesimama, amelala au amesimama kwa mikono, karibu kila batani ya teke ina mahali pa kumpeleka. Matokeo yake, anayebonyeza bila mpango anapata mfuatano wenye mpango. Paul hakutengenezwa hivyo. Ukimbonyeza Paul hovyo, anarusha ngumi moja hewani na kusimama akingojea kuadhibiwa. Ukiingia kwenye shindano la hovyo dhidi ya Eddy, umeingia kwenye fani yake.

Kuna dawa nyingine ambayo baadhi ya vijana humwomba mwenye kibanda aitumie: kumpiga Eddy marufuku. Sikubaliani nayo kabisa. Kapoeira ilizaliwa miongoni mwa Waafrika waliouzwa utumwani Brazil, wengi wao kutoka upande wa Angola na Kongo, na watawala wa huko waliiogopa. Sheria ya adhabu ya Brazil ya mwaka 1890 iliifanya kuwa kosa la jinai. Haikufa. Ilifundishwa kwa siri, na katika miaka ya 1930 Mestre Bimba alifungua shule yake mjini Salvador, mbele ya macho ya wote. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza duara ya kapoeira katika orodha ya urithi wa binadamu. Serikali nzima ilishindwa kuizima. Mwenye kibanda mwenye runinga mbili ataweza? Na hata angeweza, kijana anayeshinda kwa sababu mpinzani wake amekatazwa hajashinda kitu. Katika hadithi ya gemu, Eddy mwenyewe alijifunza mchezo huu akiwa gerezani, akifundishwa na mzee mmoja, kwa miaka 8. Mhusika aliyesota namna hiyo hafai kufukuzwa kwa kura ya watoto waliofungwa. Anafaa kusomwa.

Basi tusome. Mapigo ya Tekken yako ya namna tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Ukisimama na kuvuta mshale wa nyuma, unazuia ya juu na ya kati, ila la chini linakupata miguuni. Ukichuchumaa huku umevuta nyuma, unazuia la chini, na la juu linapita juu ya kichwa bila kukugusa, ila la kati linakutwanga. Elimu ya kujikinga katika gemu hii inaanzia hapo, na ukiwauliza watu kumi kibandani wataje tofauti hizo, utashangaa wangapi wanajua kushambulia tu.

Sasa mtazame mgeni anavyokufa mbele ya Eddy. Amesimama. Eddy ameshuka chini, miguu inafagia. Mgeni anarusha ngumi zake mbili za haraka, za mraba na pembetatu. Ngumi hizo ni za juu, na juu hakuna mtu! Anajaribu kumkamata amrushe, na mikono inafumba hewa, kwa maana mtu aliyeshuka chini hivyo hakamatwi kwa mkamato wa kawaida. Ndiyo sababu wapenzi wa King, yule mwenye kichwa cha chui, huteseka kuliko wengine: mhusika wao anaishi kwa kukamata. Nao wanaolia kwamba Eddy hagusiki wanasema kweli kuhusu mapigo wanayoyatumia. Kinachotakiwa ni kubadili mapigo. Eddy akishuka, tumia la kati au la chini. Achana na ngumi za haraka mpaka asimame.

Namna ya kujua anashuka lini? Kibandani mnakaa bega kwa bega, basi tumia masikio. Anayetwanga batani anasikika. Dole gumba likianza kupiga mfululizo, vuta mshale wa pembeni, ule wa chini na nyuma kwa pamoja, na utulie. Raundi ya kwanza itumie kusikiliza hivyo hivyo, hata ikikugharimu. Utagundua kwamba mtu asiye na mpango ana mazoea, na mazoea yanajirudia kuliko mpango: wengi hufagia mara mbili au tatu kisha huinuka kwa teke moja kubwa la kuzunguka. Ukishaujua wimbo wa mpinzani wako, nusu ya kazi umeimaliza.

Nusu iliyobaki ni lini upige, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa somo lake lilitolewa katika nchi yetu wenyewe. Njia ya zamani ya misafara kutoka pwani ilipita Tura na Kigwa ikaingia Unyanyembe. Katikati ya mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara akimtafuta Livingstone, na njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na mtemi Mirambo. Waarabu wa Tabora wakaamua kumvamia, na Stanley akaingia vitani pamoja nao. Walianza vizuri, wakaiteka ngome ya Zimbizo. Kisha kikosi kilichoongozwa na Soud, mwana wa Said bin Majid, kikaenda Wilyankuru, kwa Mirambo mwenyewe. Mirambo hakung'ang'ania ukuta. Alitoka na watu wake, akawaacha wavamizi waingie, wapore pembe za ndovu na kuteka watu. Walipoanza safari ya kurudi, mikono imejaa na macho yako nyumbani, rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, wakainuka kutoka kwenye majani marefu kando ya njia. Soud akauawa hapo na wengi wa watu wake. Waliobaki wakatawanyika, na Stanley ikambidi aifuate njia ya kusini kwenda Ujiji.

Mirambo alilijua jambo ambalo kila mchezaji wa Tekken lazima alijue: adui anayekuja usishindane na nguvu zake, mpige anaporudi. Kila teke la Eddy lina vipande vitatu, yaani mguu unaondoka, mguu unafika, mguu unarudi. Picha za gemu hii zinakwenda 60 kwa sekunde, na katika zile picha chache ambazo mguu unarudi, Eddy hawezi kujikinga wala kushambulia, hata dole gumba lililo juu ya batani litwange namna gani. Hapo ndipo pako. Umezuia teke lake kubwa la kufagia ukiwa umechuchumaa. Achia mshale wa chini, na wakati mwili unainuka bonyeza pigo la kuinukia. Kila mhusika analo. Ukiwa na Paul, una zawadi kubwa zaidi: chini, chini-mbele, mbele, halafu pembetatu. Ngumi ile ni ya kati, inaanzia vizuri kutoka kwenye kuchuchumaa, na inakata damu nyingi kiasi kwamba aliyepigwa huweka padi mapajani na kuitazama. Mara mbili katika raundi moja zinatosha kubadilisha mazungumzo ya kibanda kizima.

Usifanye haraka ya kutaka kuongeza. Umepiga, rudi kwenye kinga. Wengi huonja ngumi moja iliyofika, wanasahau walichokuwa wakikifanya, wanakimbilia kumaliza, na Eddy aliyelala chini anawafagia akiwa bado hajainuka.

Mazoezi sasa. Tekken 3 ina sehemu ya mazoezi ambayo wateja wengi wa kibanda hawaifungui, kwa kuwa wanaona kulipia muda bila kumpiga mtu ni hasara. Nenda asubuhi, kibanda kikiwa kitupu, umwombe mwenyewe kwa adabu: "Kaka, shikamoo, naomba nilipie muda wa mazoezi." Ingia, mchague Eddy wewe mwenyewe. Ndiyo, Eddy. Fungua orodha ya mapigo yake, uyafanye moja moja, uone lipi ni la chini, lipi la kati, lipi linamwacha amelala na lipi linamwacha amesimama kwa mikono. Huwezi kuizuia njia usiyowahi kuipita. Baada ya hapo rudi kwa Paul, urudie ile ngumi mpaka mkono uitoe bila kukuuliza.

Kuna watakaokuambia kwamba mtu wa Igalula hawezi kufika popote kwa mambo haya, kwamba gemu ni za watu wenye mashine mpya na intaneti ya kasi. Wasimulie habari ya Lahore, Pakistan. Februari 2019 Mpakistani Arslan Siddique, anayejulikana kama Arslan Ash, alishinda mashindano ya EVO Japan ya Tekken 7, akitoka nchi ambayo wakubwa wa mchezo hawakuwa wakiiangalia. Agosti mwaka huo huo akashinda EVO ya Las Vegas, na fainali akamfunga Knee wa Korea Kusini, mmoja wa magwiji wa Tekken wa siku zote. Arslan alikuwa akisema nyumbani wapo wengine wa kiwango chake. Knee alisafiri hadi Pakistan kucheza nao, gwiji akiwafuata wanafunzi walikokulia. Na karibu zaidi yupo Mkenya Sylvia Gathoni, Queen Arrow, ambaye mwaka 2018 timu ya Marekani ya XiT Gaming ilimsajili kwa Tekken. Eddy naye hajaondoka: mwaka 2024 alirudi katika Tekken 8, mhusika wa kwanza kuongezwa baada ya gemu kutoka. Unachojifunza leo kwenye runinga ya kibandani kitakuhudumia hata ukikutana naye akiwa na sura mpya.

Limebaki jambo moja. Siku moja atakaa pembeni yako mtu atakayemchagua Eddy, na hutasikia batani zikitwangwa. Atasimama mbali kidogo. Atatumia ngumi, kitu ambacho watwangaji hawakumbuki kama Eddy anacho. Atashuka chini na kulala pale kwa makusudi, akingoja wewe urushe ngumi ya juu. Ukichuchumaa mapema atakupiga la kati, ukisimama atakufagia. Huyo amesoma. Mbele yake usibaki chini muda mrefu, usiwe wa kwanza kuingia, na akishuka rudi hatua moja umwache afanye yeye uamuzi. Pengine utamfunga, pengine hutamfunga. Akikufunga, mlipie gemu inayofuata, kisha umwombe akuonyeshe polepole anavyoinuka kutoka kwenye mikono.