Nuru Kiasi cha Punje ya Mchele

Mvuvi wa usiku anayetumia fimbo hahitaji nuru nyingi. Jambo hili nimelieleza kwa wenye maduka wa Kariakoo, kwa jamaa zangu, kwa mke wangu, na hatimaye kwa askari wa doria, wala sijapata bado mtu aliyenisadiki kwa mara ya kwanza. Mvuvi wa dagaa hutaka karabai kali, au siku hizi taa za nguvu ya jua, kwa kuwa riziki yake huufuata mwanga, na ndiyo sababu hupumzika siku za mbalamwezi; lakini sisi tunaosimama juu ya miamba ya Coco Beach maji yanapojaa, tukautupa mshipi mbali na kuiegemeza fimbo katika ufa wa jiwe, hatuna haja ya kumwangazia samaki, ambaye amezaliwa kizani na huijua njia yake kuliko sisi tuijuavyo yetu. Tutakacho ni kuiona ncha ya fimbo. Samaki akidonoa, ncha huinama, na isipoonekana huwa imeinama bure.

Wako wanaofunga kengele. Kengele ni chombo cha heshima, ila wakati wa kusi hulia usiku kucha bila ya samaki yeyote kuhusika. Wako pia wazee wa Msasani, mabingwa wa mshipi wa mkono, ambao uzi hupita juu ya kidole chao cha shahada, na kwa kidole hicho wakajua aliyeshika chambo ni nani, ana uzito gani, na pengine ukoo wa mama yake. Hao hawataki taa wala kengele, na hututazama sisi watu wa fimbo kwa huruma ambayo hawajishughulishi kuificha.

Wengi wetu tulikuwa tukitumia kile kijiti cha plastiki kiuzwacho viwili viwili katika karatasi inayong'aa. Ndani yake mna kichupa cha kioo chembamba. Ukikipinda kijiti, kichupa huvunjika, dawa mbili hukutana, na papo hapo hutoka nuru ya kijani isiyo na moto wala joto. Ni elimu ya shani, na aliyeifungua njia yake, katika miaka ya 1960, ni mwanakemia wa Marekani, Edwin Chandross, aliyeikutanisha haidrojeni peroksaidi na dawa ya jamii ya oksali pamoja na rangi, akapata mwanga. Nami ningalimwombea dua kila usiku lau wale waliomfuata wangalikumbuka kukiwekea kijiti chao kizimio. Kikishavunjwa hakisikii amri ya mtu. Mvua ikikufukuza saa tatu ya usiku, chenyewe huendelea kuwaka mfukoni hadi alfajiri, kikiangazia funguo na nauli ya daladala, na asubuhi kimekwisha kabisa, hakifai tena hata kwa kuchokolea meno. Mimi si bahili, ingawa liko kundi la watu nyumbani kwangu lenye rai nyingine. Lakini kununua nuru ya usiku mzima na kutumia saa moja ni jambo linalomkera hata mkarimu.

Sahibu yangu mmoja akanifunza kwamba baridi hupunguza kasi ya dawa hizo, hata kijiti kikitiwa katika jokofu, kwenye sehemu ya barafu, nuru hulala, na kesho yake kikitolewa huamka, ingawa imedhoofu kidogo. Maneno hayo ni ya kweli tupu. Asilolisema ni kwamba jokofu la nyumbani lina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Usiku mmoja umeme ulikatika tangu magharibi, barafu ikaanza kuyeyuka, na vijiti vyangu vikaamka kabla ya miadi. Mke wangu, aliyekwenda kizani kuokoa nyama yake isiharibike, alifungua mlango akakabiliana na kichwa cha changu kilichozungukwa na nuru ya kijani, kinywa wazi, macho yote mawili yanamtazama. Hakupiga kelele, kwani si mtu wa kelele. Alikuja mpaka kitandani, akasimama, akasema kwa sauti ya taratibu, "Baba Zuhura, amka. Samaki wako anawaka." Tangu siku hiyo ilipitishwa sheria, isiyo na rufaa, kwamba hakiingii katika jokofu kitu chochote cha uvuvi ila samaki, na samaki mwenyewe akaguliwe kwanza.

Ndipo nilipokwenda Kariakoo kutafuta taa ndogo ya umeme, ya kuwashwa na kuzimwa, itumike leo na kesho na mwakani. Kijana wa duka la kwanza alinipokea kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka taa ndogo sana."

Akanitolea kurunzi yenye urefu wa mkono. Nikamwomba iliyo ndogo zaidi, akanitolea ya kufunga kichwani, akaiwasha, nikawa sioni duka wala mwenye duka. "Mzee, hii inamulika mpaka Kigamboni," akasema kwa fahari. Nikamjibu kuwa sina niliyemwacha Kigamboni wa kumulika. Nikamweleza kuwa nataka nuru kiasi cha punje ya mchele, iliyo hafifu kadiri iwezekanavyo, naye akanitazama kwa mashaka makubwa, kama nilikuja kumpima akili. Mtaa mzima hali ilikuwa hiyo. Kila mwenye duka alijua mita ambazo taa yake hufika, na hakuna aliyewahi kuulizwa taa inayofika shubiri moja ikakoma. Nilionyeshwa taa za harusi, taa za kutia ndani ya maputo, taa za watoto za kuvaa kidoleni siku ya kuzaliwa, ambazo nilinunua nne kwa kuwa zilikuwa rahisi, na mwishowe nikakutana na kijana mwenye hoja.

Huyo aliuza vitaa vya kufungwa kwenye vali ya gurudumu la baiskeli. Vikitikiswa gizani huwaka, vikitulia huzima. "Samaki akitikisa, taa inawaka, samaki akiacha, taa inazima," akaniambia. "Betri hailiwi bure, mzee." Nani angaliweza kuipinga mantiki kama hiyo? Nilivinunua kwa furaha, nikavifunga kwenye ncha kwa ukanda wa mpira, nikatupa mshipi. Lakini kusi hakushirikishwa katika mashauri yale. Upepo uliitikisa fimbo tangu isha, na kitaa kikawaka chekundu, kikawaka buluu, kikawaka kijani, bila ya kupumzika, mpaka wakaja watoto, wakaja vijana wawili walioshikana mikono, na hatimaye akaja mama mmoja kutoka upande wa wauza mihogo, ambaye alituangalia kwa muda, kisha akauliza, "Na nyie hapa mnauza nini?"

Mpwa wangu aliyeko Maskati, ambako watu wengi huvua kwa fimbo na maduka ya uvuvi ni mengi, alipopata habari zangu alinicheka kwa simu, kisha akanitumia kile hasa nilichokuwa nikikitafuta: vitaa sita vyembamba, vyenye kibanio cha kushika ncha ya fimbo, vinavyotumia betri iitwayo CR425, yenye unene wa milimita 4 hivi, urefu wa milimita 25 hivi na nguvu ya volti 3. Kifurushi kilifika salama. Vitaa vilikuwamo vyote sita. Betri hazikuwamo, kwa sababu betri za lithiamu zikiwa peke yake zina masharti magumu ya safari za ndege, na kule zilikotoka kulikuwa na mtu mwenye kuijua kazi yake. Nikarudi Kariakoo na kitaa kimoja kiganjani, nikaomba betri nyembamba ya namna hiyo, na wote walionihudumia walinishauri ninunue kurunzi.

Aliyeniokoa ni fundi saa mmoja mwenye meza chini ya mwembe, mtu wa makamo, mwenye kioo cha kukuzia kilichokazwa jichoni. Yeye hakuniuliza kwa nini. Aliomba zile taa za kidoleni, akaifungua moja kwa ncha ya kisu, akatoa tumboni mwake vijibetri vitatu vya mviringo, vya aina ile itiwayo katika saa, pamoja na taa nyekundu iliyo ndogo kuliko njegere. Kisha akamtuma mtoto duka la dawa kununua bomba jipya la sindano la mililita 2, akaitupa sindano yenyewe, akaipachika taa upande wa mdomo wa bomba, mguu wake mmoja mfupi ndani, wa pili mrefu umelazwa ubavuni, akatia vijibetri viwili na kuurudisha msukumio wake. Ukisukuma, vijibetri hugusana na miguu ya taa, nuru huwaka, ukivuta, huzima. Ile raba ya msukumio huzuia maji. Sijaona hata leo, katika duka lolote, kitu kilichobuniwa kwa akili kuliko kile, nacho kilifanya kazi kwa uaminifu mpaka nilipofikiwa na doria.

Sasa mwombe askari yeyote, amkute mtu mzima juu ya miamba, usiku, ana fimbo yenye bomba la sindano nchani, aseme anadhani nini. Huyu alikuwa mpole. Alinimulika usoni kwa kurunzi ya ukubwa ninaoufahamu, akanisalimu, akauliza kile ni nini.

"Ni taa, mwanangu."

"Taa?"

"Taa ya ncha ya fimbo."

Akanyamaza kidogo, akaniomba niiteremshe aione. Nikaifungua kutoka kwenye ncha, nikampa, nikamweleza habari za fundi saa, za Maskati, za jokofu, naye akawa anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta, na nadhani alikuwa karibu kusadiki, kwani alikwisha kuniuliza kama fundi yule hupatikana hata Jumapili. Fimbo, wakati huo, ilikuwa kizani haina taa. Tulisikia mkwaruzo juu ya jiwe. Askari akaigeuza kurunzi yake, na mwamba wote ukawa mchana, mpaka kipande cha bahari mbele yake, tukaona fimbo yangu inateremka majini kwa haraka. Yeye ndiye aliyeiwahi, kwa mkono mmoja, na buti lake likazama mpaka kwenye kamba. Aliyekuwa upande wa pili wa mshipi ni chewa wa zaidi ya kilo moja.

"Mzee," akaniambia huku akimwaga maji ya kiatu, "shida yako wewe ni kurunzi. Nenda Kariakoo, ziko tele."