Hodi ya Mwisho wa Mwezi

Katika mambo ambayo mtu aliyelelewa pwani hutakiwa kuyatenda akiwa mkavu wa macho, sijapata kuona lililo zito kama kumbishia hodi jirani yako jioni, ukakaribishwa ndani, ukawekewa kiti, ukamiminiwa chai, ukaulizwa habari za afya na za watoto na za mvua, na kisha, kikombe kikiwa kimefika nusu, ukamwambia mwenye nyumba kwamba muradi wako hasa ni shilingi elfu moja za waifai. Jambo hilo nimelifanya mara nyingi, na aghalabu niliondoka nimeshiba chai na mikono mitupu. Na siku moja, Mungu anisamehe, niliondoka nimemkopesha mdaiwa shilingi mia mbili za unga.

Cheo hiki cha udai sikukiomba. Nilipostaafu ukarani Mombasa nilihamia Nairobi, katika mtaa wa Baba Dogo, ambako mwana wa marehemu dada yangu alikuwa akifanya kazi ya kuvuta waya za intaneti. Baba Dogo ni mtaa wa viwanda na maghorofa, jirani wa Lucky Summer na Korogocho. Alfajiri vibarua husimama malangoni mwa viwanda wakingoja kuitwa, na usiku maghorofa hutazamana kwa ukaribu hata mtu wa ghorofa ya nne akipiga chafya, jirani yake wa ng'ambo humwombea afya bila ya kupaza sauti. Kijana alikuwa akinunua intaneti kwa jumla kutoka kampuni yenye leseni, akaigawa kwa waya kutoka paa hadi paa. Nami, kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, nikawa mshirika wake. Tulikuwa na nyumba 43, kila nyumba shilingi 1,000 kwa mwezi. Yeye akawa fundi. Mimi, kwa kuwa nilijua hesabu na nilikuwa na mvi, nikawa mweka hazina, na kwa hiyo mdai.

Silaha yangu ilikuwa daftari la mistari na kalamu nyekundu. Mbele ya nambari ya kila nyumba niliweka alama: nukta kwa aliyelipa, duara tupu kwa aliyeahidi, na picha ndogo ya kikombe kwa aliyenipa chai. Mwisho wa mwezi wa tatu nilifanya jumla, nikaona vikombe vimezidi nukta.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia kwa adabu zote, akilifunika daftari taratibu kama mtu anayemfunika maiti, "hii biashara haiwezi kuendeshwa hivi. Tutafute mfumo."

Nilikubali kwa wepesi uliomshangaza, akadhani kwamba mzee ameyakumbatia maarifa ya zama mpya. Sikuthubutu kumfunulia ukweli. Nilikuwa sitafuti hesabu. Hesabu nilizijua kabla yeye hajazaliwa. Nilikuwa natafuta kiumbe mwingine, asiye na uso wala haya, wa kunibishia hodi.

Programu ya kwanza ilitoka ng'ambo, ikasifiwa sana kwa uzuri wa sura yake, na kweli ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mistari iliyopanda na kushuka kwa rangi, ikamwita kila mteja kwa jina lake, na ikatupa siku 14 za kuijaribu bure maadamu tuliiandikia nambari ya kadi yangu ya benki. Siku ya tatu ndipo tulipotambua kwamba nayo ilitaka kila mteja wetu aandike nambari ya kadi yake. Huko Marekani na Ulaya mfanyabiashara huipokea nambari ya kadi mara moja tu, na tangu hapo, kila siku ya malipo ikifika, huchota mwenyewe, mteja akiwa macho au amelala. Kwetu mambo ni kinyume: tangu M-Pesa ianze mwezi wa Machi 2007, watu wamezoea kwamba fedha haziondoki mpaka mwenyewe abonyeze nambari yake ya siri, na ijapokuwa mfanyabiashara aweza kuifanya simu ya mteja itokeze kidirisha cha kumwomba nambari hiyo, kuombwa si kutoa. Alhasili, kile ambacho wenzetu hukiita malipo ya kujirudia, Baba Dogo ni maombi ya kujirudia.

Tukaiacha programu ile, tukasahau kuiaga. Siku ya 15, usiku wa manane, ikachota dola 29 katika akaunti yangu ya pensheni, kwa maana nayo pia hulipiwa kila mwezi, na ilikuwa haijatukusanyia hata ndururu. Hapo nikakiri kwamba kazi yake inaijua.

Programu ya pili ilikuwa ya hapa hapa nchini, iliyoungana na Paybill, nambari yetu ya kupokelea malipo ya M-Pesa, kupitia mlango uitwao Daraja, ambao kampuni ya simu ya Safaricom iliwafungulia mafundi wa programu mwaka 2017. Mteja akilipa, mfumo hupata habari papo hapo, huitazama akaunti aliyoiandika, humtambua, na humwachia waifai yake bila ya mkono wa mtu. Kila nyumba tukaipa nambari ya akaunti, tukaichapisha kwenye karatasi, tukaibandika mlangoni. Lakini binadamu anapolipa hatazami mlango. Hutazama simu, na simu inapomuuliza akaunti, hujibu kama muungwana anayeulizwa swali. Mmoja aliandika jina lake la ubatizo. Wa pili aliandika MZEE WA WAIFAI. Wa tatu, ambaye mpaka leo namheshimu, aliandika ASANTE. Mfumo ukazipokea fedha zao zote, ukaziweka kando katika orodha ya malipo yasiyo na mwenyewe, ukawakatia wote.

Asubuhi ile mama mboga wa chini alipanda kwangu, mikono ingali na maji ya sukuma wiki, akaninyoshea simu yenye ujumbe wa M-Pesa.

"Mzee, hii pesa iliingia ama haikuingia?"

"Iliingia, mama."

"Sasa mbona mtoto wangu tangu jana anaangalia duara likizunguka?"

Nikamweleza kwa taadhima kwamba hakuandika akaunti.

"Niliandika WAIFAI," akasema. "Kwani nilikuwa nalipia nini, nyanya?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo.

Fauka ya hayo, saa ya mfumo huo ilikuwa imeachwa katika majira ya Greenwich, na kwa kuwa ulituma ukumbusho mara tu siku mpya inapoanza, siku ya Greenwich ilipoanza, Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Ujumbe ulianza kwa neno "Mpendwa". Kuna nyumba moja ya ghorofa ya tatu ambamo simu ya mke ililia saa hiyo juu ya meza, mume akaisoma kabla ya mkewe, na akaomba aelezwe ni nani huyo anayemwita mkewe mpendwa wakati wachawi peke yao ndio walio macho, na ambaye, zaidi ya hayo, anadai kwamba muda wake unakaribia kwisha. Nilikwenda kusuluhisha mimi mwenyewe, nikapewa chai.

Mpwa wangu hakukata tamaa. Mwaka 2024 Safaricom ilikuwa imeleta M-Pesa Ratiba, ambayo humwezesha mteja kuyapanga mwenyewe malipo yake yajiendee kwa tarehe aitakayo, na kijana akaieneza habari hiyo ngazi kwa ngazi. Mama mboga alimsikiliza hadi mwisho bila ya kumkatiza, kisha akamuuliza, "Kwa hivyo pesa yangu itatoka bila kuniaga?" Habari ile ikaishia ngazi ile ile.

Programu ya tatu ilikuwa ya bure, na nilisisitiza kwamba niitayarishe mimi, kwa kuwa karani mzee hashindwi na kujaza fomu. Nilitaka wasiolipa wakatiwe saa nane usiku, ambapo kila muungwana amelala, ili waamke asubuhi, waone, walipe kimya kimya, pasiwe na fedheha. Nikaandika 8, nikachagua usiku, nikalala usingizi wa mtu mwenye huruma. Nilisahau kwamba mashine huhesabu saa kama Mwingereza, na kwamba saa nane yake ya usiku ni saa mbili yetu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa mbili kamili, mpira wa Uingereza ukiwa umepamba moto na mshambuliaji, kama nilivyosimuliwa baadaye na watu kadhaa kwa wakati mmoja, amebaki yeye na kipa, nyumba 19 zilizimika.

Ikatoka sauti moja katika ghorofa zote, mfano wa jahazi linalopasuka. Kisha nikasikia ngazi zikitetemeka, na baadaye kidogo, hodi.

Ndipo niliposimama katikati ya chumba changu na kufahamu hila niliyotendewa. Mfumo haukuiondoa hodi. Uliigeuza upande wa mlango. Zamani nilikuwa nikibisha mimi kwa watu 43, mmoja mmoja, kwa wakati niutakao. Sasa walikuwa wakibisha wao, kwa pamoja, usiku, na kila mmoja alistahili kukaribishwa, kuwekewa kiti na kumiminiwa chai. Viti vilikuwa vinne. Sukari iliisha kwa mtu wa tisa.

Hata hivyo, baraza ile ilinifunza zaidi ya programu zote tatu, kwani kila mmoja alieleza mwezi wake. Kwa mashine mwezi ni siku 30. Kwa mwalimu wa shule ni siku mshahara unapoingia. Kwa kibarua wa kiwandani hakuna mwezi abadan: kuna Jumamosi, siku ya ujira wa juma, na ukimdai shilingi 1,000 siku ya Jumatano utamkuta na nauli ya kurudia kazini tu. Maalim wa ghorofa ya pili naye akatoa rai kwamba yeye mwezi wake huandama, na kwa hiyo atalipa kila mwezi mpya uonekanapo. Nikaikubali rai yake kwa haraka isiyo ya kawaida. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 tu, na wa jua una 365. Kila mwaka angenizidishia takriban theluthi ya malipo ya mwezi mmoja. Maalim ni mtu wa hesabu kunishinda. Alikunywa funda moja, akatazama dari, akasema kwamba katika mambo ya dunia hapana ubaya kufuata kalenda ya serikali.

Aliyetoa fatuwa alikuwa kibarua mmoja, ambaye alikumbuka taa ya jua aliyowanunulia wazazi wake kijijini kwa M-Kopa, kampuni iliyoanza biashara hiyo nchini Kenya mwaka 2012: malipo kidogo kidogo kwa simu, ukilipa taa inawaka, usipolipa inajifunga mpaka ulipe tena. "Babangu alilipa mpaka ikawa yake," akasema, "na hakuna aliyemgongea mlango. Tuuzieni kwa wiki."

Tangu usiku ule, mtu akiniomba shauri juu ya mifumo ya kutoza wateja, huwa simuulizi habari ya uzuri wala rangi. Humuuliza kama mfumo unapokea M-Pesa au unangoja kadi. Kama unamtambua mteja kwa nambari ya simu yake, ambayo hawezi kuikosea, au kwa akaunti ambayo ataiandika ASANTE. Kama unakubali nusu leo na nusu Jumamosi. Kama una siku mbili tatu za hisani kabla ya kukata. Na kama saa yake ni ya Nairobi. Wa nne tulioupata ulitimiza yote matano. Haukuwa na mistari ya rangi. Tukauza kwa juma, shilingi 250, malipo Jumamosi jioni, na vikombe vikapungua katika daftari, ambalo mpwa wangu alidhani nimelitupa.

Mpwa wangu alinipokonya nywila ya mfumo huo siku ile ile ulipowekwa, kwa sababu ya mambo ya saa nane, nami sikuteta. Lakini alipokuwa akiujaribu aliniandika mimi kuwa mteja wa kwanza, nyumba nambari moja, na sikuona haja ya kulipa, kwani ni nani hununua maji katika kisima chake? Jumatatu iliyopita, siku za hisani zilipokwisha, nilikuwa nikisikiliza taarifa ya habari simuni, mara msomaji akanyamaza katikati ya neno na duara likaanza kuzunguka. Ujumbe ukaingia: "Mpendwa mteja, huduma yako imesitishwa."

Nikatazama M-Pesa yangu: shilingi 180. Nikalitazama duara. Kisha nikavaa kofia yangu, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, nikabisha hodi kwa mpwa wangu. Alinikaribisha ndani, akaniwekea kiti, akanimiminia chai, akaniuliza habari za magoti yangu na za mvua. Nikamjibu zote kwa urefu. Kikombe kilipofika nusu, nikakohoa.