Wafu wa Jogoo Road: Mwongozo wa Msimamizi Mvivu

Umeshawaahidi marafiki kwamba Jumamosi utawaendeshea mchezo wa mezani. Wafu wamefufuka Nairobi, kila mtu ana mhusika wake, wewe unasimulia, dadu zinaamua nani anaponea. Umejigamba kwamba sheria zote umezitunga mwenyewe. Sasa ni Ijumaa usiku na hujaandika hata mstari. Tulia, uko pazuri.

1. Iba mji. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, msimamizi wa mchezo alikaa na karatasi ya miraba akichora mapango chumba kwa chumba. Maskini. Wewe una Pipeline, ghorofa zimebanana hadi jua linaomba njia, na hakuna pango linalozidi ngazi zake stima ikipotea. Una dampo la Dandora, lililoko tangu 1975. Usilieleze. Litaje, nyamaza, na pua za wachezaji zitamalizia.

2. Kosea njia makusudi. Hapa ndipo siri yote ilipo, kwa hiyo soma polepole. Sema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Mnatoka Umoja, mnapita Mutindwa, mnatokea Buruburu Phase 5." Kisha kunywa chai. Kabla hujameza, mmoja atasema hiyo si njia. Mwingine atasema ni njia, ila siku hizi kuna mtu amejenga duka katikati yake. Yule aliyezaliwa Buruburu atasimama kabisa. Atakupangia mtaa kuanzia miaka ya 1970, Phase 1 hadi 5, na nyumba gani ilikuwa na ua kabla mwenyewe hajaongeza vyumba vya kupangisha. Mwache. Tikisa kichwa kana kwamba unampa mtihani. Mtu wa Eastlands atakubali kuliwa na zombi, lakini hatakubali kuambiwa hajui mtaa wake.

Mabishano yakifika kilele, gonga meza na useme: "Sasa kelele zenu zimewavuta. Wako getini."

Watakuona una akili za kutisha. Umekula nusu saa bila kuandaa chochote, na kosa lako limegeuka mtego uliopangwa.

3. Tumia wafu wa polepole. George Romero aliwafanya wajikokote katika filamu yake ya 1968, na hakuna sababu ya wewe kuwakimbiza; zombi wa mbio anataka hesabu. Anayejikokota anatosha sana Jogoo Road. Saa kumi na mbili jioni, akianzia City Stadium kwa miguu, atafika Donholm kabla ya matatu, na njiani atachagua abiria dirishani kama mtu anayenunua maembe.

Zombi mpe sentensi mbili. Makanga mpe robo saa. Mvua ikinyesha nauli hupanda. Wafu wakifufuka je? Acha wachezaji wabembeleze nauli huku kundi linakaribia, na mtandao wa simu umekufa, kwa hiyo M-Pesa hakuna na kila mtu anatafuta sarafu mifukoni. Utaona mtu mzima akigoma kuongeza hamsini akiwa na mkono wa maiti kwenye kola yake. Ukitaka kuwasaidia, waonyeshe daraja la waenda kwa miguu pale Outer Ring Road, mahali salama, juu ya wafu wote. Usihofu kwamba watajiokoa mapema mno. Watavukia chini kama kawaida.

4. Dadu. Zile za pande 20 ni ghali na hujiviringisha chini ya kochi. Chukua mbili za ludo. Ukizirusha pamoja, 7 hutokea mara 6 katika kila matokeo 36, na 12 mara 1 tu. Kwa hiyo unalolitaka liweke kwenye 7, usilolitaka liweke kwenye 12, na hujamdanganya mtu. Kisha danganya. Simamisha katoni ya unga mbele yako, rusha nyuma yake kwa kishindo, angalia, kunja uso, tangaza ulichoamua tangu jana. Mara moja usiku mzima rusha hadharani, kwa jambo lisilo na uzito: kopo lililookotwa lina madondo au liko tupu? Ukionekana umeshindwa hapo, utaaminika hadi alfajiri.

5. Nani afe? Mwenye nyumba asife, utalala wapi. Aliyeleta chapati asife kabla hazijaisha. Muue aliyechelewa, na umpe kifo kikubwa: anashikilia geti la ploti peke yake, soja ameshatoroka, watoto wanapanda juu kwenye matangi ya maji. Atafurahi kuliko walio hai. Hakuna anayekuja kwenye mchezo huu kutafuta uzima. Watu wanataka kufa kwa namna itakayosimuliwa Jumatatu. Dakika kumi baadaye mrudishe akiwa zombi, umruhusu awatafune wenzake, na hapo umepata msaidizi wa bure.

6. Mwisho. Hadithi itakuishia. Itakuishia wakati wameshafika Makadara, wote wanakutazama, na mtu anauliza ni nani aliyeanzisha ugonjwa huu. Hujui. Omba ruhusa ya kwenda chooni, pitia kwenye swichi kubwa, zima. Toka gizani ukilalamika kuliko wote. Laumu tokeni, laumu transfoma, sema jibu mlikuwa mmelikaribia kabisa, na muahirishe hadi wiki ijayo. Hakuna atakayeshuku, hapa ni Eastlands. Ila pazia uwe umelifunga tangu mapema, wasije wakaona taa za jirani.