Kilatini cha Ng'ambo

Mtu akipita seminari ndogo, hata kama aliondoka kwa sababu ambazo leo zinasoma darasa la sita na kumaliza mkate asubuhi, hasamehewi. Ng'ambo nzima, hapa Tabora, wananiita Padri. Mke wangu wanamwita Mama Padri, na paroko wetu hacheki. Jina lingekuwa bure ningenyamaza, lakini limekuja na kazi. Kila anayetaka Kilatini anapiga hodi kwangu, na wote wanakuja mikono mitupu. Ukimpelekea fundi cherehani suruali unajua utalipa. Mwenye Kilatini anaambiwa, "Si unakijua tu?"

Safari hii alikuja mama anayefungua shule ya mchepuo wa Kiingereza mtaa wa pili. Nembo ilikuwa tayari: kitabu, mwenge, na mwembe kwa heshima ya njia ya misafara. Ilibaki kaulimbiu. Alikwisha amua kwamba elimu ni "necessity", na sasa alitaka neno hilo kwa Kilatini, moja tu, maana mchoraji wa bango anatoza kwa herufi.

"Mama, kwa nini usiandike Lazima?"

"Padri, lazima ni neno la mgambo."

Nikampa Dharura. Akasema hilo linaandikwa kwenye mlango wa nyuma wa basi. Sharti, akasema ni la mganga. Nilipotaja Haja akaniangalia tu, nikaliacha.

Nikataka kumwambia kwamba maneno yote hayo yana asili ya Kiarabu, na kwamba huku bara yalipanda na misafara iliyopeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na lazima. Yamefika hapa Unyanyembe kwa miguu! Sasa tunayaruka kwenda kuazima Roma. Lakini aliyekuja na nembo mkononi hasikilizi historia. Akanitajia Makerere na Nairobi, kote huko kaulimbiu ni Kilatini. Nikamwambia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeandika Hekima ni Uhuru na hakijafungwa. Akasema hicho ni cha serikali, hakitafuti wateja.

Nikajaribu la mwisho. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha St. Mary's hapa hapa Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, alimchukua Kaizari mwenyewe, Mrumi, akamsemesha Kiswahili, kitabu kikatoka mwaka 1963. Mwalimu kamshusha Kaizari mpaka kwetu, sisi tunampandisha tena?

"Padri," akasema, "neno."

"Necessitas."

Akalitafuna kidogo. "Sauti yake kama dawa ya minyoo. Hakuna jingine?"

Nikamweleza kwamba lipo necesse est, na lipo pia opus est, ambalo Warumi walilitumia mtu anapopungukiwa na kitu. Nikamwandikia na mfano chini ya karatasi, kwa herufi kubwa, nikitumaini utamgusa: OPUS EST MIHI PECUNIA. Yaani nahitaji fedha. Haukumgusa. Macho yake yalikuwa kwenye kamusi yangu, ile isiyo na jalada, na kidole kilikuwa kimeshatua.

"Hili hapa! Necessarium. Hili lina uzito, kama auditoriamu."

Hapo ilibidi niseme. Watawa wa Ulaya ya zamani walipotaja necessarium walikuwa wanataja choo. Jengo la kueleweka, limeshikana na bweni, matundu yamepangwa kwa safu ili ndugu wasisubiriane usiku.

"Kwa hiyo ni haja?"

"Haja, mama. Ndogo na kubwa."

Akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akaniachia baraka za Mungu. Hata ya soda hakuacha.

Bango limesimama juzi, rangi ya bluu, linaonekana tangu kwenye kijiwe cha bodaboda. Karatasi yangu ilipelekwa kwa mchoraji kama ilivyo, na mchoraji, anayetoza kwa herufi, amechagua mstari mrefu kuliko yote. OPUS EST MIHI PECUNIA, chini ya mwembe na mwenge. Wazazi wanasimama wanausoma kwa sauti. Bibi mmoja amepiga ishara ya msalaba. Mama mwenye shule ananipungia mkono kila nikipita, ameridhika kabisa, anawaambia watu maana yake ni elimu ni lazima, ameipata kwa Padri. Mimi sisemi kitu. Tafsiri ya kwanza sikulipwa, ya pili nitoe kwa msukumo gani? Na tena Januari haiko mbali. Wakishapewa karatasi ya ada, na ya sweta, na ya mchango wa madawati, na ya basi la shule ambalo halijanunuliwa, Kilatini watakielewa wenyewe.