Namna ya Kusoma Neno Kila Siku Bila Kusumbuliwa Nalo

Mpendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na kama wewe ni wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo. Mwongozo huu ni wenu nyote, mradi unaishi kati ya Bunju na Mbagala, una Biblia yenye zipu, na kwenye mkesha wa mwaka mpya uliahidi mbele ya madhabahu kwamba safari hii utaisoma yote, kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo. Ahadi ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba Biblia ikisomwa yote, kuna kurasa zinaanza kuulizia mambo ya nyumbani kwako. Hapa tutaelekezana namna ya kuzipita.

Hesabu kwanza. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189. Soma sura tatu kila siku na tano kila Jumapili, utafika Desemba ukiwa umemaliza. Mkatoliki ana vitabu 73, lakini yeye Kanisa limeshampangia: masomo ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, ya siku za juma kwa miaka miwili. Hana mpango wa kuvunja. Ana misa ya asubuhi ya kuikosa, basi.

Sasa saa ya kusoma. Watumishi watakwambia alfajiri, kabla dunia haijaamka. Usihangaike na kengele ya simu. Kama umepanga Tandika, Buza au Mwananyamala, muadhini atakuamsha kila siku bila kukudai chochote, umeme uwepo usiwepo. Binafsi naamini maisha ya sala ya Wakristo wa Temeke yanaushukuru msikiti kuliko inavyosemwa kwenye ushuhuda. Ukisimama kutoa wako, sema Roho alikuamsha. Hakuna atakayeuliza alikuamsha kwa sauti ya nani.

Tatizo ni kwamba alfajiri hiyohiyo ndiyo saa ya kuwahi gari. Anayetoka Chamazi kwenda Posta akisema apige magoti kwanza, atakuta watu wamejazana mlangoni na konda anasema hakuna siti. Ndiyo maana tunakushauri usomee ndani ya daladala, kwenye simu. Kaa siti ya ndani, si ya dirishani. Kwenye foleni kuna vijana wanaochukua simu kupitia dirisha, na hawaangalii uko Zaburi ya ngapi. Inamisha kichwa. Chomeka spika za masikioni. Mkao huu una faida ambayo wachungaji hawaisemi: mtu aliyezama kwenye Neno haoni nani amepanda. Mzee aliyeshika bomba juu ya kichwa chako, mfuko wa dawa mkononi, atakuona unasoma maandiko na atakuheshimu. Huyo mzee tutakutana naye tena mbele, kwa hiyo mkumbuke.

Baada ya mkao, uchaguzi wa mistari. Chagua inayokaa vizuri kwenye kioo cha nyuma cha bajaji. Yeremia 29:11 ndiyo mfalme wao, ile ya Mungu kuwa na mawazo mema juu yako. Isome peke yake. Usipande hata ngazi moja juu, maana mstari wa 10 unasema mambo hayo mema yatafika baada ya miaka 70, na hakuna bajaji inayobandika hivyo. Ukizidi kupanda ni hatari zaidi. Ile ni barua kwa watu waliohamishiwa Babeli, na mstari wa 5 mpaka wa 7 unawaagiza wajenge hukohuko, walime bustani, na wauombee amani mji waliomo, kwa sababu amani yao imo ndani ya amani ya mji huo. Sasa mwambie hivyo mtu wa Kinondoni aliyetoka Moshi, Bukoba au Mbeya. Simenti yake yote inapanda basi kwenda kijijini, Desemba ndiyo anakwenda “nyumbani”, na mtaro uliojaa taka mbele ya geti lake anasema ni kazi ya serikali ya mtaa. Yupo Dar miaka 30 kama mtu anayesubiri mizigo yake stendi. Mstari wa 11 unamtosha.

Wafilipi 4:13 nayo inafaa sana kwa mtihani, interview na mechi. Iliandikwa na mfungwa aliyekuwa anaeleza kwamba amezoea kushiba na kuona njaa pia, lakini hayo yapo mstari wa 12, na wewe umeanzia wa 13.

Ukishapata mstari, utume. Hili ndilo tendo lenyewe; kusoma ni maandalizi. Weka “Neno la leo” kwenye status, kisha kwenye grupu la ukoo, la kwaya, la jumuiya, la wazazi wa shule na la kamati ya harusi ambayo harusi yake ilishafanyika. Picha iwe na mawio ya jua au ua jekundu. Subiri amina. Zikifika, hesabu, na ujue nani hajajibu.

Desturi hii ina babu yake, na ni vizuri umjue ili umkwepe. Mwaka 1728, kijijini Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf na Wamoravian wake walianza kupeana neno moja kwa kila siku. Kuanzia 1731 limekuwa likichapwa kitabuni mwaka hadi mwaka, mistari ikichaguliwa kwa kura, na leo linasomwa katika lugha zaidi ya 50. Hawa ndio Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na watoto wa wajukuu zao wa kiimani wamejaa Dar. Shida ni namna walivyokuwa wakilituma. Ndugu alikuwa anatembea nyumba hadi nyumba, anabisha hodi, anasema neno, na hapohapo anaona wenyewe wakoje: nani mgonjwa, nani amenuniana na nani. Hiyo haiwezekani Kinondoni. Ukibisha hodi kwa jirani utaambiwa karibu, utakaa, utapewa chai, utajua mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Bando la elfu moja limetuepusha na mengi.

Tuje kwenye Biblia ipi ununue. Baki na ile ya Union Version ya 1952, yenye jalada jeusi. Ina Kiswahili kitamu cha kukariri, nami naipenda bila kejeli, lakini kwa kazi yetu uzuri wake ni mwingine: vipimo vyake ni efa, hini na shekeli. Muuza mchele akikutana na amri ya efa ya haki, anaangalia duka lake lote, haoni efa, anaendelea kujaza kisado kilichobonyezwa kitako. Biblia Habari Njema, iliyokuja miaka ya 1990, inaongea kama mtu wa mtaani kwako. Usiingie nayo sokoni Tandika.

Hapo ndipo tumefika kwenye kiini. Watu husema mpango wa mwaka hufia kwenye Mambo ya Walawi kwa sababu kitabu kinachosha. Ukifuata hesabu ya hapo juu, Mwanzo na Kutoka vinaisha mwishoni mwa Januari, ada imelipwa, mfuko umekauka, na unakaribishwa na mafuta ya figo za kondoo. Hapo kila mtu anakusamehe ukiacha. Ila mimi nimekaa na kitabu hiki, na sikubali kwamba kinachosha. Nashuku wanaokikimbia wamesikia kuna nini mbele.

Kwanza ujue hata Kutoka ina mtego. Sura ya 22, kuanzia mstari wa 25, inakataza kumtoza riba maskini uliyemkopesha, na ukichukua nguo yake rehani umrudishie kabla jua halijazama, kwa sababu usiku atajifunika nini. Mtaani kwetu kuna mikopo tunayoiita kausha damu. Anakopa mama wa genge, anarejesha kila siku au kila wiki, akikwama wanakuja na bajaji, wanabeba televisheni, mtungi wa gesi na godoro. Baadhi ya wenye fedha hizo wanaimba kwaya. Kama umo, usiruke sura nzima, utashtukiwa. Soma mpaka mstari wa 24, funga kwa sala.

Kisha Walawi 14. Kuanzia mstari wa 33 kuna sheria ya nyumba yenye mabaka ukutani, ya kijani au mekundu, yanayoingia ndani ya ukuta. Mwenye nyumba mwenyewe anakwenda kutoa taarifa kwa kuhani. Nyumba inatolewa vyombo, inafungwa siku saba, mawe yaliyooza yanatolewa, kuta zinakwanguliwa na kupigwa lipu upya. Mabaka yakirudi, nyumba inabomolewa. Mpangaji wa chumba na sebule Keko, ambaye kila masika ukuta wake unachora ramani ya Afrika, asome sehemu hii polepole na kwa sauti, kwa faraja. Baba mwenye nyumba, anayepaka rangi juu ya unyevu kisha anapandisha kodi na kuitaka ya miezi sita kwa mpigo, aende moja kwa moja sura ya 16.

Asifike ya 19. Hakuna mtu afike ya 19. Zile sura za damu na majivu zimewekwa mbele yake kama ukuta wa michongoma, na wengi wetu tumeridhika kubaki nje. Ndani, kwa sura moja tu, kuna kila mtu uliyepishana naye wiki hii. Mstari wa 13: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Wa 14: usimtukane kiziwi wala usimwekee kipofu kikwazo, na sijui wajenzi wa mitaro isiyo na mifuniko walisoma wapi. Wa 16: usizunguke na umbea, jambo ambalo lingefunga magrupu matatu ya jumuiya kabla ya mchana. Wa 32: simama mbele ya mwenye mvi. Umemkumbuka yule mzee wa daladala? Bado ameshika bomba, na gari halijavuka Mtoni kwa Azizi Ali. Wa 35 na 36: mizani, efa na hini.

Mkatoliki akidhani haya ni ya walokole, aangalie kalenda yake. Jumatatu ya wiki ya kwanza ya Kwaresima, kila mwaka, somo ni Walawi 19, likifuatana na Mathayo 25 ya kondoo na mbuzi. Lakini Kanisa ni mama: somo linaishia mstari wa 18. Mwenye mvi na mizani havisomwi, unaweza kukaa siti yako kwa amani. Kibarua wa mstari wa 13, bahati mbaya, yumo.

Ikitokea wiki hiyo umeombwa utoe tafakari kwenye jumuiya, Jumamosi ile saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viti vya plastiki uani kwa mwenyekiti, zungumzia uzito wa dhambi kwa ujumla. Watu watatikisa kichwa. Ukichelewa kumaliza, mtunza hazina ataanza kukohoa, kwa sababu michango bado: wa kigango, wa parokia, wa rambirambi, wa sare. Orodha hiyo husomwa kwa majina na kiasi, na katika ibada nzima ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna anayeitafsiri kiroho.

Huyo kibarua tusimpite hivihivi, maana yupo jikoni kwako. Dada aliyekuja kutoka mkoani, anayeamka kabla ya muadhini ili ukute maji ya moto na upate nafasi ya kusoma Neno. Mshahara wake “unamtunzia”. Tuseme ni elfu sitini kwa mwezi, na umemtunzia miezi mitano. Msomaji mjanja ataiona Walawi 19:13 kwa mbali na kukimbilia kitabu kinachofuata, Hesabu. Ni wazo zuri. Hesabu inaanza na sensa, na sisi tulishahesabiwa Agosti 2022. Sura nne za kwanza ni majina, mahema na zamu za Walawi kubeba vyombo. Unaweza kuzisoma zote kwenye foleni ya Tazara bila kutikisika.

Sura ya 5, mstari wa 7, anayemdhulumu mwenzake anatakiwa kurudisha yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Laki tatu, na elfu sitini juu: 360,000. Unaweza kumtumia kwa simu. Weka na ya kutolea.