Kauri ya Kale ya Kabatini

Kauri ya kale ya Kichina hutambuliwa kwa kupinduliwa. Chini hutazamwa alama ya enzi, ukingo wa kitako usio na mng'aro na mikwaruzo ya matumizi. Alama peke yake ni shahidi wa kununuliwa: mafundi wa enzi ya Kangxi (1662–1722) waliandika jina la enzi ya Xuande (1426–1435) kwenye vyombo vyao, wengine kwa heshima, wengine kwa biashara. Neno CHINA kwa herufi za Kilatini lilienea baada ya 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipotaka nchi ya asili itajwe. Hivyo sahani ya kabatini huko Njoro, Moshi, iliyoandikwa chini kuwa inaruhusiwa kuingia kwenye maikrowevu, haikuletwa na Zheng He, baharia wa kale wa Kichina, hata mwenye nyumba aape kuwa ni ya babu. Mikwaruzo nayo haisaidii, kwani sahani hiyo haijawahi kupakuliwa chakula. Inamngoja mgeni anayestahili. Kauri za kale zenyewe zimepatikana pwani, Kilwa na Gedi. Kunduchi zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi, na baadhi zimeng'olewa na wakusanyaji wasioalikwa.