Milio ya Injini na Tiba Zake

Injini ya gari kuukuu hulia kwa namna tatu. Mlio mkali wa alfajiri, unaoamsha mtaa wa Kisauni, Mombasa, kabla ya mwadhini, hutokana na fenibelti iliyolegea au kuchakaa. Ti-ti-ti ya juu ya injini ni vali zilizoachia nafasi, au oili iliyopungua. Ko-ko-ko ya chini, inayozidi gari likipanda kutoka Makupa kwenda Changamwe, ni beringi za konrodi. Hiyo humfanya fundi anyamaze kwanza, kisha ataje bei.

Uchunguzi hufanywa kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni. Tiba ni mbili: kubadilisha kilichokufa, au, kama wengi wapendavyo, kuongeza sauti ya redio. Abiria akiuliza, huambiwa gari lilikuja hivyo kutoka Japani.

Kiwango cha KS 1515 hukataza kuingiza Kenya gari lililozidi miaka 8. Likishatoka bandari ya Kilindini, huzeeka litakavyo. Kwenye feri ya Likoni injini huzimwa, na ugonjwa husahaulika. Kuiwasha tena ng'ambo huhitaji dua na vijana wanne wa kusukuma.